Kamera Mfu Shingoni mwa Nadia

Nadia alishuka mjini Gitega kupiga picha za harusi, kamera kubwa shingoni. Kamera yenyewe ilikuwa imekufa. Ilizama katika mto Ruvubu, na Zuberi, fundi wa redio kwao Muyinga, alimwazima iwe pambo tu. Picha zake Nadia alizipiga kwa simu.

Angefanyaje? Kulthumu, mama wa bibi harusi, alishatamka: "Mi sitaki foto ya telefone. Kama hauna kamera ya kweli, nitaita mutu ingine." Harusi hii ingemtangaza Nadia Gitega nzima, la sivyo angerudi kukunja vitenge dukani kwa kaka yake. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Basi ukumbini akainua lile dude. Lo! Watu wakakakamaa. Wajomba wakavuta matumbo ndani. Kulthumu akabana midomo kuficha pengo lake, macho kayatoa kama yuko kwenye picha ya kitambulisho. Nadia akabofya, akasema, "Tayari!"

Hapo ndipo walipopumua. Utani ukaanza, bibi harusi akamwegemea mama yake, na mama akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. Nadia akachomoa simu haraka, akapiga. Mara ya kwanza ilikuwa bahati. Zilizofuata zilikuwa ujanja mtupu.

Baada ya pilau Kulthumu akadai kuona. Nadia hakuwa na kingine cha kumwonyesha, akampa simu. Kulthumu alijitazama akicheka, pengo waziwazi, kichwa cha binti yake begani.

"Mi niko hivi?"

"Ndiyo, mama."

Machozi yakamtoka. "Miaka yote nilifikiri niko sura mbaya."

Rachid, kaka wa bwana harusi, alikuwa ameishika ile kamera. Akaropoka: "Lakini hii iko imekufa! Haina hata batri!"

Vichwa vyote vikamgeukia Nadia. Aliona aibu, kisha akajiuliza, aibu ya nini? "Imekufa, ndiyo. Zote nimepiga na simu."

"Rachid, weka hiyo chuma chini," Kulthumu akasema, simu kaikumbatia. "Nadia, mwanangu, dada yangu anaozesha kule kwenu Muyinga. Utapiga we."

"Nitakuja na simu tu, mama."

"Kuja nayo! Lakini kwanza nipige ingine, sasa hivi."

Nadia akaipokea simu akicheka. Kabla hajapiga, wanawake walishamzunguka, wanasukumana, kila mmoja anataka apigwe akicheka.