Bei ya Damu Mjini London

Mwaka wa themanini na tatu dunia ilikuwa inalala na viatu miguuni. Moscow iliamini kwamba Wamarekani na wenzao wanajiandaa kurusha makombora ya nyuklia kwa kushtukiza. Na mkakati wa pande zote mbili, ukiuvua mavazi yake ya kitaalamu, ulikuwa ule wa walevi wawili wenye visu: ukihisi mwenzako anataka kukuwahi, muwahi wewe. Basi wakubwa wa Moscow wakawatumia majasusi wao walioko Ulaya dalili za kuchunguza. Tazameni kama taa za wizara zinawaka usiku kucha. Tazameni kama ng'ombe wanachinjwa kwa wingi. Na ulizeni bei ya damu, kwa maana anayekwenda vitani huweka akiba ya damu, na kitu kikigombewa bei hupanda.

Swali la damu lilimwangukia Gleb Fomich Ladygin, ambaye pale London alijulikana kuwa afisa wa biashara ya mbao. Kila wiki alijibu "hakuna mabadiliko" bila kumwuliza mtu yeyote. Tuseme ukweli, mtu mzima ataanzia wapi kuuliza damu inauzwaje?

Lakini Jumapili moja alipiga simu nyumbani Moscow, na binti yake Lida, aliyekuwa akikaa na bibi yake, akaipokea.

"Baba, mwalimu katuonyesha handaki la shule. Bomu likija tunakimbilia humo."

"Vizuri, mwanangu."

"Si vizuri! Kasema paka hawaruhusiwi. Sasa Kuzya nitamwacha na nani?"

 Gleb alisingizia kwamba laini inakatika, akaweka simu chini, akaona aibu kiasi cha kushindwa kula. Hapo ndipo alipotaka kujua kwa dhati kama vita vinakuja au haviji.

Kesho yake akaenda kwenye ukumbi wa kanisa ulioandikwa mlangoni kwamba damu inachangiwa. Foleni ilikuwa imetoka mpaka barabarani, watu wamesimama na miavuli.  Wote hawa wa nini? Alisogea nao hatua kwa hatua mpaka akafika kwa nesi mmoja mnene mwenye sauti ya sokoni, jina lake Doreen.

"Jina, mwanangu?"

"Gleb."

"Glen. Kunja shati, Glen."

"Samahani, mnalipa kiasi gani?"

Doreen alicheka hadi sindano ikamtikisika mkononi. "Tunalipa? Hee, makubwa! Unapewa chai na biskuti, na ahsante yangu. Haikutoshi?"

Gleb akatoa damu, akanywa chai, akatafuna biskuti zake macho yakiwa kwenye foleni. Mzee aliyekaa karibu naye alinong'ona kwa furaha, "Leo wametoa mbili. Siku zote huwa moja."

Jasusi mzuri hapuuzi neno. Siku hiyo ingekuwa heri angelipuuza.

Mkuu wake pale ubalozini, Arkadi Savelyevich, alimsikiliza akiwa amekunja uso.

"Biskuti?"

"Biskuti na chai, Arkadi Savelyevich. Hawatoi hata senti."

"Usinichekeshe. Bepari hakupi hata salamu bure. Biskuti ngapi?"

"Mbili." Gleb akasita. Uongo ndio uliokuwa kazi yake, lakini mbele ya mkuu wake hakuuweza. "Kuna mzee kasema kawaida hutoa moja."

Arkadi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Imepanda mara mbili!"

"Jamani, ni biskuti!"

"Ni bei! Bei ya damu imepanda mara mbili, na foleni imefika barabarani. Unangoja dalili gani tena, wakupulizie tarumbeta?" Akavuta karatasi, akaandika ujumbe wa kupeleka Moscow.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Arkadi alikuwa mtoto Leningrad Wajerumani walipovamia alfajiri bila hodi na kuuzingira mji ule. Alikua kwa kipande cha mkate kwa siku, na nduguze wawili hawakukua kabisa. Kumwambia mtu kama huyo asiogope ni kumtania.

Lakini Gleb naye alikuwa na hofu yake. Aliuona ujumbe ule ukipanda ngazi za Moscow, kila ofisi ikipunguza neno moja, biskuti zikaachwa njiani, na juu kabisa yakafika maneno matatu tu: damu imepanda bei. Na huko juu ndiko walikokaa wenye vidole vya kubonyeza.

"Usiutume," alisema. "Nina mtoto kule."

"Na mimi nina wajukuu, wewe! Ndiyo maana sitaki tukutwe tumelala tena."

"Basi nenda ukajionee mwenyewe kwanza. Ukituma habari ya kusikia, na ikawa si kweli, watoto wetu tutakuwa tumewachoma sisi."

 Arkadi akaukunja ujumbe, akautia mfukoni, akachukua kofia.

"Glen! Umerudi?" Doreen alipiga kelele alipowaona. "Huruhusiwi kutoa tena, mwanangu, utabaki ganda."

"Nimemleta mjomba."

Mjomba alikunja shati kishujaa. Alipoiona sindano, macho yakamgeuka, na mtu aliyetisha ubalozi mzima akaenda chini kama gunia. Alipozinduka alikuwa amelazwa kitandani, Doreen kamshika mkono, na kando yake kuna chai na biskuti mbili kwenye kisahani.

Gleb alisubiri azile. Hakuzila. Aliziinua karibu na macho, akazigeuza, akazisogeza pamoja polepole kama afanyavyo mtu aliyezoea kupimiwa chakula. Ncha zikaingiana sawasawa.

"Gleb Fomich, hebu tazama. Hizi si mbili. Hii ni moja."

"Zangu nilizila bila kuangalia," Gleb alisema.

"Kwa sababu hujawahi kushinda njaa." Akamgeukia nesi. "Mama, mbona zimevunjika?"

"Usinisute, mjomba! Boksi liliniponyoka kwenye ngazi asubuhi. Nagawa vipande viwili viwili, hakuna anayepunjwa hapa."

"Na foleni yote ile?"

"Wenzangu wana mafua. Niko peke yangu tangu asubuhi, unadhani nina mikono mingapi?"

Arkadi alicheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakukatika. "Ni moja, Gleb," alisema, akisahau hata kuongeza Fomich, jina la baba yake Gleb ambalo Warusi hulitaja kwa heshima. Gleb kwa furaha akakaa chini sakafuni kando ya kitanda, hakujali suruali.

Palepale Arkadi aliuchana ule ujumbe, akaandika mwingine: bei ya damu haijapanda.

"Na wakitaka kujua bei yenyewe?" Gleb aliuliza.

"Waje watoe."

Jumapili iliyofuata simu ilipokewa kwa pumzi za mtu aliyekuja mbio.

"Lida, Kuzya yuko wapi?"

"Amelala kwenye koti la bibi. Baba, nimepata wazo. Nitamficha kwenye mkoba wa shule, halafu..."

"Mwanangu, sikiliza. Usimwamshe. Mwache alale."