Mgonjwa wa Zoezi

Mashine mpya ya oksijeni ilikaa chumba cha karantini, imefunikwa nailoni, na kibandiko chake kilisema: KWA MLIPUKO TU. Wafadhili waliitoa ili kituo kiwe tayari janga likibisha hodi. Ile ya wodini ilikufa zamani. Kila mara muuguzi mkuu alipoomba fundi, alijibiwa kwamba nimonia si mlipuko. Kweli, nimonia haina hadhi hiyo. Inaua watu mmoja mmoja, kimyakimya, bila kumsumbua mkubwa yeyote.

Asubuhi ambayo wageni wa wafadhili walikuwa wanakuja kutazama zoezi la kupambana na janga, mume wa muuguzi huyo alifika amembeba mama yake mgongoni. Bibi huyo na mkwewe walikuwa hawapikiki chungu kimoja, lakini muuguzi alipoona midomo yake imegeuka bluu, alisahau ugomvi wote. Alikimbilia kwa daktari mfawidhi kuomba mashine.

"Unataka tunyimwe ufadhili?" daktari alifoka. "Ile leo ni ya mgonjwa wa zoezi!"

Mgonjwa wa zoezi alikuwa mfagiaji wa kituo, tayari amejilaza karantini, anakohoa kwa bidii.

"Kaka, inuka," muuguzi alimwambia. "Nimepata mwingine."

"Sasa kikohozi changu chote hiki nikipeleke wapi, Sista?"

"Nenda nacho nyumbani."

Wageni walipoingia, bibi alikuwa kitandani. Nailoni ikavuliwa kwa heshima zote, mashine ikaunguruma, mrija ukawekwa puani. Mgeni mkuu alitazama kile kifua kinavyohangaika, akafurahi.

"Huyu mama anaigiza vizuri mno! Mmemtoa wapi?"

"Nyumbani kwangu," alisema muuguzi.

Daktari alimtambua bibi. Akafungua mdomo, akawaona wageni, akaufunga.

Midomo ya bibi ilianza kurudia rangi yake. Muuguzi alitamani kulia, ila mgonjwa wa zoezi haliliwi. Muda si muda wageni wakapiga makofi: kituo kiko tayari. Mgeni mkuu akamwinamia bibi.

"Asante, mama. Kazi imekwisha, unaweza kuinuka."

Bibi alimshika mkwewe mkono, akaung'ang'ania. Daktari, akitabasamu upande wa wageni, alinyoosha kidole kwenye swichi.

"Zima tu, daktari," muuguzi alisema kwa hasira. "Wageni waone na anavyoigiza kufa."