Makopo Nyuma ya Kabati

Harufu ilitoka chumbani kwa binti yangu Jesca, nzito, tamu kidogo, kama ya panya aliyefia darini. Ilikuwa Jumamosi mchana, mwezi wa pili, na joto la Madale lilikuwa limelala juu ya bati. Nikasogeza kabati. Nyuma yake kulikuwa na makopo kumi na moja ya siagi, yamepangwa mstari, mengine vifuniko vimevimba. Ndani mlikuwa na ndizi nilizompikia, wali, maharage, chapati za Jumapili iliyopita.

Miezi mitano mizima nilidhani mtoto anakula.

Jesca alikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha tatu, mtoto wa kuandika upya ukurasa mzima kwa sababu ya herufi moja. Mwezi wa tisa, kwenye sherehe ya kipaimara chake, shangazi yake alimshika kiuno mbele ya wageni. "Huyu ananenepa, mwaka huu gauni litapasuka!" Watu wakacheka. Mie mama yake nilicheka pia.

Baada ya hapo akaanza kuvaa sweta kwenye joto. Akitoka mezani anakwenda bafuni, na bomba linafunguliwa. Jirani mmoja, ambaye mwanawe namfundisha shuleni, aliniuliza, "Mwalimu, mtoto mmempima?" Mama Hija wa nyumba ya pili akaninong'oneza kwamba ana pepo. Lakini aliyeogopa kuliko wote ni mie, maana uso ule nilikuwa nimeshauona.

Dada yangu Leokadia alikufa kwetu Kamachumu mwaka tisini na tisa, mifupa mitupu, ana miaka ishirini na miwili. Watu walisema ni ule ugonjwa. Hakuna aliyempima. Sahani yake ilitengwa. Mie ndiye niliyeiacha mlangoni pake asubuhi na kuikuta jioni imejaa vilevile. Sasa, kila Jesca alipopita koridoni, nilimwona Leokadia.

Nilipogeuka na kopo mkononi, Jesca alikuwa amesimama mlangoni.

"Haya ni nini, mwanangu?"

"Ananikataza, mama."

"Nani?"

"Yuko kichwani. Nikila ananitukana siku nzima. Anasema kwa sauti yangu."

Nikaliweka kopo chini, nikamkumbatia. Mgongo wake ulikuwa baridi, na mbavu zake zikahesabika kwenye viganja vyangu.

Jumatatu mimi na mume wangu, Revelian, tukampeleka hospitali. Vipimo vyote vya maambukizi vilitoka safi. Moyo ndio uliokuwa unapiga polepole mno, wakamlaza. Tukapelekwa kwa daktari wa afya ya akili, Dokta Farida, mama wa makamo aliyeongea na Jesca peke yake kabla ya kutuita.

"Hiki si kiburi wala pepo," alisema. "Ni ugonjwa wa ulaji. Anaogopa kunenepa kuliko anavyoogopa kufa."

"Ni maneno ya shangazi yake?" Revelian akauliza.

"Neno moja halitoshi, baba. Kuna hiyo tabia ya kutaka kila kitu kinyooke. Kuna picha anazoshinda nazo kwenye simu. Na wakati mwingine ni kitu cha kwenye ukoo. Kwenu kuna aliyewahi kukataa chakula?"

Nikamtaja Leokadia. Jina lilitoka kwa shida, miaka mingi sikuwa nimelitamka.

"Ndicho kilichomuua, dokta?"

"Marehemu siwezi kumpima, mwalimu. Huyu yuko hai."

Alilazwa wiki tatu, chakula kikirudishwa kidogo kidogo. Nyumbani tukapewa utaratibu: milo kwa saa maalumu, mmoja wetu mezani naye, na baada ya kula tunakaa pamoja saa nzima. Kila Alhamisi anaongea na Dokta Farida. Nilimpigia wifi yangu, nikamwambia mwili wa mtoto usizungumzwe tena, si kwa kusifu wala kwa utani. Alikasirika, akakata simu, akapiga tena analia.

Haikuwa rahisi. Siku moja Jesca alirusha sahani ukutani. "Mnanisimamia kama mfungwa!" Revelian akapakua nyingine, akakaa. Mwezi wa kumi, karibu na mitihani, Jesca akaanza tena kuficha chakula. Tulirudi hospitali, tukaanza upya.

Sasa ni mwaka na nusu. Hajapona kabisa, na nimejifunza kutomuuliza atapona lini. Ila sasa anasema. Jana mchana alivuta kiti, akaitazama sahani yake ya wali na samaki.

"Mama, leo anapiga kelele sana."

"Anasemaje?"

Akaniambia yote. Yalikuwa maneno ambayo nisingemwambia hata adui, na binti yangu aliyatamka taratibu, kijiko mkononi. Kisha akala. Tulimaliza saa tisa kasoro, samaki ameshapoa zamani.