Boksi la Sakafuni

Ofisini walimwita Mama Faili, maana hakuna karatasi ya mfanyakazi iliyoingia pale bila kupita mkononi mwake. Yeye ndiye aliyeandika matangazo ya nafasi, akapokea maombi, kisha akakaa na wakubwa kuyachambua. Siku ya kuchambua maombi ya nafasi ya mhasibu msaidizi, humo lilikuwemo ombi la wifi yake.

Huyo wifi ni dada wa mumewe. Alishika hesabu za stoo kwenye kiwanda cha mikate mpaka kiwanda kikafungwa, akarudi kwa kaka yake kukaa chumba cha uani na watoto wawili. Kila alipobisha kuomba kazi aliambiwa lete shahada. Mama Faili ndiye aliyemshika mkono. "Wifi, kasome chuo nilichosoma mimi," alimwambia. "Unasomea hapahapa kwenye simu, na unachokijua tayari hakikucheleweshi."

Chuo chenyewe kina mambo yake. Hakuna A wala B, hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Unapewa kazi: funga hesabu za duka hili, tafuta kosa liko wapi, mwandikie mwenye duka ripoti. Msahihishaji usiyemjua sura anaipima kipengele kwa kipengele. Ukikosa kimoja tu, inarudi imeandikwa "Rudia." Ukivipata vyote unaandikiwa "Umefaulu," na hutaambiwa zaidi hata ukifanya maajabu. Kule kupita kwa chupuchupu, nusu unajua nusu umebahatisha, hakupo. Wifi alirudishiwa somo la kodi mpaka akalia, akaapa kwamba msahihishaji ana kinyongo naye. Lakini hesabu za stoo alizipitia kama anayemenya karanga, na shahada akaitia mkononi mapema kuliko wanaokaa darasani. Mama Faili alipiga vigelegele kuliko mama mzazi. Nafasi ilipotokea kwao, akampa na blauzi yake nzuri, ya kuendea kwenye usaili.

Basi wakakaa watatu: meneja, mhasibu mkuu na Mama Faili. Alishamwambia meneja kwamba humo kuna ndugu yake, na meneja akajibu, "Hapa nani hana ndugu? Wewe soma." Utaratibu wao ulikuwa huu: Mama Faili anasoma shahada na wastani wa maksi, meneja ananyoosha kidole. Wa kuitwa wanabaki mezani. Wa kufikiriwa wanawekwa kwenye kiti kitupu. Waliokataliwa wanaingia kwenye boksi la sakafuni, lililokuja na karatasi za printa, na tangu liwekwe pale hakuna aliyewahi kuinama kutoa kitu.

Akasoma, akasoma, mpaka akafika kwa wifi.

"Wastani?" akauliza meneja.

"Hana. Chuo chao hakitoi wastani. Wanaandika amefaulu."

Mhasibu mkuu akacheka mpaka akavua miwani. "Amefaulu. Hata mwanangu wa chekechea analetewa karatasi ya amefaulu. Na kasoma muda gani huyu? Mwaka na kitu? Hiyo ni shahada au kozi ya kufuma vitambaa? Si kweli, msomi mwenzangu?"

Msomi mwenzangu ndiye Mama Faili. Meneja hakucheka. Alimgeukia akamwuliza taratibu, "Wewe unaionaje shahada hii?"

Jamani, mtu akupe nini tena? Mlango umefunguliwa, kilichobaki ni kupita. Angesema maneno mawili tu: hata mimi. Cheti cha chuo kilekile alikitundika ukutani nyuma ya kiti chake, kwenye fremu nzuri, na hakuna aliyewahi kusogea akasoma jina la chuo. Mkubwa aliyemwajiri ndiye aliyejua, naye alishastaafu. Mama Faili alimtazama mhasibu mkuu, miwani ingali mkononi na kicheko hakijakauka, akaona kicheko kile kikimgeukia yeye kesho na keshokutwa, kwenye korido, kwenye chai. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini mwenye uchi wake huwa hasikii.

"Mimi naona tufuate utaratibu," akasema.

Tufuate utaratibu. Mwanamke mzima, kwa ulimi wake mwenyewe. Kidole cha meneja kikaelekea chini, na ni Mama Faili aliyeinama akaliweka ombi la wifi yake kwenye boksi.

Mhasibu mkuu alipotoka, meneja alifunga mlango. "Faili lako nililisoma wiki niliyofika hapa," alisema. "Nilitaka kujua nafanya kazi na nani. Kazi yako haina doa, nikasema kumbe chuo hiki si cha mchezo. Leo nimekuuliza nikitaka useme mbele ya yule bwana. Ungesema, ningemwita."

Mama Faili akalitazama boksi. "Bado tunaweza kumtoa kwenye boksi."

"Nitamwambia nini mwenzetu? Aliyekisoma chuo chenyewe kanyamaza. Mimi nisiyekijua nikitetee kwa lipi?"

Naye meneja asijitie usafi. Alijua, akakaa na siri yake kama mwalimu anayetega mtoto, na mwisho wa yote aliyeanguka mtihani huo hakuwa mezani pale. Alichukua koti lake akaenda kula.

Jioni Mama Faili alimkuta wifi uani, amepiga pasi ile blauzi mara ya pili.

"Vipi, wifi yangu?"

"Walitaka wastani."

Wifi akasimamisha pasi. "Si uliwaeleza? Kwamba hata wewe ni wa chuo hichohicho, na kazi unaifanya wanaiona?"

Hapa napo mlango ulikuwa wazi, na safari hii hapakuwa na mhasibu mkuu wala kicheko cha mtu. Palikuwa na wifi peke yake, na anamwamini.

"Niliwaeleza," akasema Mama Faili. "Nilisema mpaka nikachoka."

"Na wakakataa?"

"Wakakataa."

Wifi akachomoa waya wa pasi. Hakulia. Alisema, "Asante, wifi. Nilijua hutaniacha. Ila kama wewe uliye ndani, mwenye shahada hiyohiyo, umenisemea na hawakusikia, mimi wa nje nitakwenda kumwambia nani? Acha tu. Mama wa nyumba ile ya kona anatafuta mfuaji, kesho nitaanza huko."

Akaikunja blauzi vizuri, mikono ndani, kola juu, akamnyooshea. "Chukua mwenyewe, hii ni ya watu wa ofisini."

Mama Faili aliipokea.