Mama Mzazi wa Githinji

Usinione kichaa. Mwaka wa 1981 nilikuwa na miaka saba, na pia nilikuwa mama mzazi wa baba yangu. Sisi Wakikuyu ndivyo tulivyo: msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya yake, mama ya baba. Basi Baba, Githinji mwenye duka pale Kiwanjani, aliniita "mama", na wateja akiwaambia, "Huyu Wamucii ndiye alinizaa."

Kulmiye, Msomali mwenye lori, mteja wetu, aliyasikia hayo akayameza mazimamazima. Wakati huo alikuwa anamzungusha profesa fulani mzungu aliyetafuta watoto wanaokumbuka maisha waliyoishi kabla ya kuzaliwa. Siku moja akamleta dukani.

"Salaam aleikum. Mtoto mwenyewe ndiye huyu," akasema. "Lakini mimi simo. Kwetu mtu akifa anangoja kiyama."

Baba akacheka, akaanza kueleza desturi. Nikamkatiza. Nilikuwa na uchungu wangu: wenzangu wote walikuwa shule, na mimi nimefungwa ndugu yangu mgongoni kwa sababu Baba alisema msichana anaweza kungoja. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima, na nimechoka.

"Nakumbuka," nikasema, kwa sauti nzito ya kizee.

Profesa akatoa kalamu. Kulmiye akatafsiri huku akinong'ona astaghfirullah.

"Nakumbuka huyu Githinji akiwa mdogo, kamasi mpaka kidevuni. Watu wakaniambia, mwache achunge mbuzi. Nikakataa. Nikauza kuku wangu wote ndio aende shule. Leo nimerudi, na yeye ananinyima shule."

Wateja wakaangua kicheko. Baba hakucheka.

"Haikuwa kuku," akasema polepole. "Aliuza blanketi yake. Akalala na gunia baridi yote ile."

Profesa akauliza kama nina hakika ni kuku. Nikashikilia kuku, maana hadithi ingine sikuwa nayo. Akapiga mstari juu ya jina langu, akaagiza soda.

Nilijua nimeharibu. Lakini jioni Baba alimfungua mtoto mgongoni mwangu, akamwambia Mama anipeleke kwa mwalimu kesho. Mama akamuuliza huyu mdogo atabebwa na nani.

"Na mimi," Baba akasema. "Mama yangu hakuwahi kuniomba kitu hata siku moja. Hii ndiyo mara ya kwanza."