Alale Chali

Ukungu wa milima ya Magamba hauna adabu, huingia hadi chumbani bila hodi. Ulipoanza kushuka kwenye matuta ya kabichi, Rahabu alitupa jembe akatimua mbio. Mtoto wake wa miezi miwili alikuwa nyumbani na mama mkwe, Bi Marta, na Rahabu alijua bibi huyo hufanya nini baridi ikibisha.

Jana tu, kliniki, nesi aliwaeleza kina mama jambo la kutisha. Wapo watoto wazima kabisa, hawana homa wala kikohozi, wanaolala wasiamke, na hata madaktari hawajui kwa hakika kwa nini. Ila hatari hupungua mtoto akilazwa chali, asifunikwe gubigubi, pasiwe na mto wala blanketi karibu na uso. Rahabu alipoyasimulia nyumbani, mkwewe alicheka.

“Mwanangu, hao manesi wa kutoka Tanga wanaijua baridi yetu? Mtoto hulala kifudifudi, chango la tumbo limtoke.”

Kwa heshima, Rahabu alimwachia neno la mwisho. Heshima gani hiyo! Sasa aliijutia njia nzima.

Alimkuta Bi Marta jikoni akimenya viazi.

“Shikamoo mama. Mtoto?”

“Marahaba. Kalala vizuri, hata hasikiki.”

Hasikiki! Akakimbilia chumbani. Kitandani aliona rundo tu: blanketi, kitenge, blanketi tena. Akayavuta yote. Mtoto alikuwa kifudifudi, uso umezama kwenye mto wa pamba, nywele zimelowa jasho. Akamgeuza. Kimya. Akamwita, akamsugua nyayo, akamwita tena kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa yake. Ndipo mtoto akakunja uso, akavuta pumzi, akalia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa bure.

Rahabu naye akalia. Akamlaza chali, shuka moja jepesi, likaishia kifuani.

“Alale hivi, mama,” alimwambia Bi Marta, aliyekuwa ameingia mbio. “Kila siku. Nakuomba.”

Bi Marta hakubisha. Alikaa ukingoni mwa kitanda, kisu bado mkononi.

“Kabla ya mume wako nilizika watoto wawili,” alisema. “Walilala wazima. Tukasema jirani kawaroga. Miaka thelathini sijampa salamu.” Akaweka kisu chini. “Kumbe ni mimi?”

“Hakuna ajuaye, mama. Nesi kasema tusimlaumu mzazi.”

“Na yule jirani, nikamwambie nini?”

Rahabu akasogea karibu naye. Wakakaa wote wawili wakikitazama kifua kile kidogo, kikipanda na kushuka.