Mlango Kwenye Ukuta wa Ghala

Asubuhi ya kuamkia harusi ya binti wa Deodatha, wanawake wa Nyakatuntu walikuwa wameketi juu ya majani ya mgomba wakimenya ndizi, na Kantengwa alikuwa ameketi kwenye kigoda akitafuna kahawa. Kigoda hakukiomba, wala kahawa. Alikuwa amekuja na kisu chake, kakinoa nyumbani kwa jiwe, lakini alipoinama tu kuvuta mkungu Deodatha alimpokonya kile kisu kwa upole, akamfutia kigoda kwa pindo la kitenge chake, akamtilia kiganjani buni zilizochemshwa na kukaushwa, kama anavyopewa mtu yeyote aliyefika kutoka mbali.

"Waitu, mgeni hashiki kisu," alisema Deodatha. "Unataka watu watuseme?"

Kantengwa alikuwa mgeni Nyakatuntu tangu mwaka wa sitini. Alivuka mto Kagera akiwa msichana, akaolewa palepale na Theoneste, mkimbizi mwenzake, akazaa palepale, akamzika Theoneste palepale, na uraia ulipotolewa naye akaupata. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe Kantengwa alijinunulia mwenyewe, na hata hivyo majirani wakimkuta analima walisimama nje ya uzio kumpa pole ya safari. Hakuna aliyemchukia. Angechukiwa kidogo angefarijika, maana mgeni hachukiwi, anayechukiwa ni jirani. Alichokitamani kilikuwa kimoja tu, kwamba siku moja Deodatha apige kelele kutoka upande wa pili wa migomba, "We Kantengwa! Umejikalia tu huko, njoo umenye ndizi!" kama alivyowapigia kelele wenzake.

Mwaka huo, themanini na nane, Mutalemwa alirudi kutoka chuo cha sanaa akiwa na ndevu na neno jipya, maonyesho. Alikuwa mtoto wa mzee Rwegoshora, mwenyekiti wa kijiji, kwa hiyo ilibidi asikilizwe. Alieleza mkutanoni kwamba siku hizi huko duniani watu huweka vitu ukutani ili wengine waje kuvitazama na kujiuliza wao ni nani na kwao ni wapi. Wazee wakamjibu kwamba wao wanajua ni nani na kwao ni wapi, lakini kama pombe ya rubisi itakuwepo watakuja kutazama. Ghala la kahawa lilikuwa tupu kwa kuwa msimu ulikuwa bado. Mutalemwa akalifagia, akaandika kwa chaki juu ya lango lake MCHEZA KWAO HUTUNZWA, akaomba kila nyumba ilete kitu kimoja cha kukumbusha nyumbani.

Kahigi alileta mkungu wa ndizi. Uliiva ukiwa umening'inia ukutani, watazamaji wakaula, na Mutalemwa akatangaza kuwa hiyo ndiyo maana halisi ya kumbukumbu. Kahigi akaleta mkungu mwingine, akinung'unika kwamba sanaa ina hasara. Costansia alitandaza nyasi sakafuni kama ilivyokuwa kwenye msonge wa bibi yake, kisha akamkataza kila mtu kuzikanyaga, jambo ambalo bibi yake asingelielewa. Mzee Rwegoshora alileta picha yake akiwa kijana, amevaa suti ya kuazima, na akaelekeza itundikwe mahali penye mwanga.

Kantengwa alikuja na debe la samadi ya ndama, akauliza kama anaweza kupewa ukuta wa nyuma. Hakukuwa na sababu ya kumnyima mgeni ukuta. Kwao Gisaka, ng'ambo ya Kagera, wanawake hupamba nyumba kwa samadi, basi akaichanganya samadi na majivu, akaipandisha kwa vidole katika mistari iliyoinuka, pembe juu ya pembe, akaipaka weusi wa maganda ya ndizi yaliyochomwa, weupe wa chokaa na wekundu wa udongo. Alitengeneza mlango wa nyumba ya mama yake kama alivyouacha. Samadi ilipokauka, mlango ulifunguka.

Mutalemwa, aliyekuwa karibu akipigilia msumari, alisogea usimgonge. Kwa ndani kulikuwa na ua mpana, ng'ombe wenye pembe ndefu, moshi, na mama yake Kantengwa, Immaculata, aliyefariki mwaka wa sabini na nne, akifagia. Wazee walizunguka nyuma ya ghala kuangalia ua huo umekaa wapi. Walikuta shamba la Kahigi likiwa kama siku zote. Kahigi alipima mpaka wake kwa miguu, akaona haukuguswa, akasema basi yeye hana neno.

Tatizo lililobaki lilikuwa la kibandiko. Chini ya kila kazi Mutalemwa alikuwa amebandika kipande cha boksi chenye jina la mtu na mahali anapotoka, na chini ya mlango aliandika KANTENGWA, MGENI WETU.

"Mwanangu," Kantengwa alimwambia, "niandike Kantengwa wa Nyakatuntu."

Mutalemwa alikuwa msomi, lakini hakuwa msomi wa kiasi cha kuamua jambo kama hilo bila baba yake. Mzee Rwegoshora akaitwa.

"Shikamoo, mzee," alisema Kantengwa.

"Marahaba, mama. Nimeambiwa unataka kuwa mtu wa Nyakatuntu. Sasa watu wa Nyakatuntu si tumejaa? Hata yule mlevi anayelala pale njiani ni mtu wa Nyakatuntu. Lakini mgeni wa kuheshimika tunaye wewe tu. Kwa nini ujishushe?"

Kantengwa aliokota debe lake. Aliumia, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba mzee alisema kwa mapenzi.

Maonyesho yalipofunguliwa watu walikuja hata kutoka Nyakakika na Nyabiyonza. Waliipita picha ya mwenyekiti kwa heshima, wakaruka nyasi za Costansia, wakaenda moja kwa moja ukuta wa nyuma. Deodatha ndiye aliyetangulia kuingia. Alirudi midomo ikiwa na maziwa, akasema mama yule anajua kupokea watu. Immaculata hakujua Kiswahili na wao hawakujua Kinyarwanda, lakini Kinyambo chao hakiko mbali sana na Kinyarwanda, na palipopungua maneno, maziwa yalijazia. Mzee Rwegoshora aliingia akakaa kutwa nzima akizungumzia fahali. Bwana mmoja aliyetoka Bukoba na kamera aliinamisha kichwa upande huu na upande ule, akauliza kama ile kazi inaweza kubanduliwa ipelekwe Dar es Salaam. Mutalemwa akasema labda aulizwe mwenye nyumba. Bwana akaingia kuuliza, akapewa kibuyu, akatoka amesahau swali.

Kantengwa peke yake alikuwa hajaingia. Alikuwa akijiwekea, kama mtu anavyoweka nyama ya mwisho pembeni ya sahani. Alijiambia kwamba hapa wamwite wanavyotaka, maana sasa kwao papo, ni suala la kuvuka kizingiti tu. Jumapili moja, baada ya misa, watu walipokwenda kula, alinawa miguu, akaingia.

Immaculata alimtambua papo hapo. Alimwita kwa jina la utoto, akamkumbatia, wakalia wote wawili kwa muda mrefu mpaka ng'ombe wakageuka kuwatazama. Kisha mama akajifuta macho, akavuta kigoda, akakifuta kwa pindo la nguo yake.

Kantengwa alikitazama kile kigoda, hakukaa.

"Mama, nipe huo ufagio nikumalizie."

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Basi nikusaidie kusukasuka maziwa. Kibuyu si bado kinakaa palepale?"

"Hukusikia? Binti akishaolewa, akija ni mgeni," alisema Immaculata, akimsukuma taratibu mpaka akaketi. "Watanisema kwamba nimemfanyisha kazi mtu aliyetoka mbali. Haya, niambie, huko kwenu hamjambo?"

"Kwetu wapi, Mama?"

"Si Nyakatuntu? Majirani zako wamepita hapa. Watu wazuri sana. Wamekusifu mpaka nikaona fahari."

Kantengwa alipokea maziwa kwa mikono miwili kama inavyompasa mgeni. Yalikuwa matamu kuliko alivyoyakumbuka. Aliyanywa yote huku akilia, kwa sababu hakuna mahali pengine palipobaki pa kwenda kuwa mwenyeji, na mama yake, kwa kudhani ni furaha, akamwongezea.

Msimu wa kahawa ulipofika maonyesho yalifungwa. Costansia alikunja nyasi zake, mzee Rwegoshora akachukua picha yake, na magunia yakapangwa kwenye ukuta wa nyuma mpaka juu. Asubuhi wapagazi walikuta gunia moja au mawili yamesukumwa kidogo na sakafu ya hapo imefagiwa. Kahawa ya mwaka ule ilinukia maziwa kwa mbali, na wanunuzi hawakulalamika.

Baada ya mavuno kamati ya maonyesho ilikwenda nyumbani kwa Kantengwa kumpa zawadi ya mshindi wa kwanza, blanketi zito lenye picha ya simba. Walikwenda wengi, na kwa kuwa halikuwa jambo la kumsumbua mtu wa heshima, walibeba kila kitu. Deodatha alikwenda moja kwa moja jikoni, akawasha moto, akachagua sufuria aliyoiona inafaa. Kahigi alikata mkungu nyuma ya nyumba. Mzee Rwegoshora alimwonyesha Kantengwa mahali pa kukaa, karibu na dirisha, penye hewa, akamwambia ajisikie yuko nyumbani. Walikula, wakanywa, wakamsifu marehemu Theoneste kwa kuchagua kiwanja kizuri.

"Na wewe, mama," aliuliza Rwegoshora, "unapaonaje hapa kwetu?"

"Pazuri," alisema Kantengwa.

Wote wakafurahi. Jua lilikuwa linashuka, na mbuzi wake walikuwa bado wamefungwa malishoni chini ya barabara. Kantengwa akainuka, akaomba radhi kwamba anatoka mara moja. Kamati nzima ikainuka pamoja naye. Watu wenye adabu hawamwachi mgeni atoke peke yake. Walimtoa ndani ya nyumba, wakamvusha ua, wakamfungulia uzio, wakamsindikiza hadi barabarani wakizungumza naye mambo ya mvua. Pale walimpa mkono mmoja mmoja. Deodatha, ambaye kwa kweli alimpenda, alimshika mikono yote miwili na machozi yakamlengalenga.

"Waitu, tumefurahi umetutembelea," alisema. "Wasalimie sana huko nyumbani."

Kantengwa akasema salamu zimefika. Alisimama kando ya barabara, blanketi begani, mpaka wote walipokwisha kutawanyika kila mmoja kwake. Ndipo akashuka kufungua mbuzi, akawaswaga, akaingia nao ndani ya uzio, akaurudishia.